Nguzo nyepesi za turubai la kambini: tuanze na urefu na unene kabla ya kuulizana alumini au kaboni

MLETA UZI (Arusha)

Habari zenu ndugu zangu wa Arusha, Moshi na kwingineko. Kila masika yanapoisha na watu kuanza kupanga safari za kiangazi, swali moja huulizwa sana na wale wanaotaka kulala porini chini ya turubai badala ya kubeba hema: wanunue nguzo za alumini au za kaboni, yaani zile za nyuzi za kaboni? Kazi yangu ni kushona na kukarabati mahema na maturubai hapa mjini, na nguzo zilizopinda, zilizopasuka na zilizokatika huletwa mezani kwangu mara kwa mara, kwa hiyo naomba nilijibu kwa kirefu. Kwa maoni yangu, swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya kujua nguzo ni ya nini, mnunuzi anapaswa kuamua iwe na urefu gani na kipenyo gani, kwa sababu hapo ndipo uzito mwingi hupungua au kuongezeka, na ndipo nguzo husimama au kuanguka usiku wa upepo.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Fito za hema la kuba zimetengenezwa ili zipinde. Nguvu yake imo katika ule upinde. Nguzo ya turubai husimama wima, kamba na kitambaa vikiigandamiza kutoka juu. Bomba refu na jembamba likigandamizwa namna hiyo halipondeki, bali hutulia kimya hadi mzigo ufike kiwango fulani, kisha ghafla hujipinda katikati na kila kitu kinashuka. Kanuni ya jambo hili iliwekwa na mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, katika karne ya 18, na mafundi wa majengo huitumia hadi leo: urefu wa nguzo ukiongezeka mara mbili, mzigo inaoweza kuhimili hubaki robo. Kipenyo nacho kina nguvu kubwa. Ukichukua alumini ya uzito uleule ukaitengeneza bomba lenye kipenyo mara mbili na ukuta mwembamba nusu, uwezo wake huongezeka takriban mara nne.

Naomba niweke hesabu mezani ili tusibaki kwenye maneno. Nguzo ya alumini yenye kipenyo cha milimita 16, ukuta wa milimita 1 na urefu wa sentimita 120 huwa na uzito wa gramu 150 hivi, na kwa kanuni hiyo hujipinda ikifikiwa na mzigo wa kama kilo 65. Sasa chukua ufito wa hema la kuba wa milimita 9, ambao wengi huutoa kwenye hema bovu na kuusimamisha chini ya turubai. Kwa urefu uleule, una gramu 50 tu, lakini hujipinda kabla mzigo haujafika kilo 7. Umepunguza uzito kwa theluthi mbili na kupoteza karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu. Hesabu hizi ni za bomba lililonyooka kabisa na lisilo na viungio. Kwa nguzo ya vipande, mimi hutegemea theluthi moja tu ya namba hiyo, na ninawashauri nanyi mfanye hivyo.

Mzigo wenyewe unatoka wapi? Kitambaa chepesi hakina uzito wa kutisha. Mzigo hutoka kwenye kamba ulizokaza na kwenye upepo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao ni wa kawaida katika nyanda za wazi za Longido alasiri, husukuma takriban kilo 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba ya kitambaa kinachoukabili. Ukifika kilomita 72 kwa saa, msukumo huwa mara nne, si mara mbili. Turubai la mita 3 kwa 3 lililofungwa kama paa la mgongo mmoja lina upande wa mita za mraba 4.5 unaopokea upepo huo, na sehemu ya mzigo huenda kwenye vigingi, sehemu kwenye nguzo mbili. Nguzo ya milimita 16 hubeba hayo bila wasiwasi upepo ukiwa wa wastani. Ufito wa milimita 9 haubebi.

Tuje kwenye urefu, ambao ndio naona watu wengi hawautilii maanani. Chukua turubai hilohilo la mita 3 kwa 3 na ulishushe pande zote mbili hadi chini. Nguzo zikiwa na sentimita 100, sakafu itakuwa na upana wa karibu mita 2.2. Zikiwa na sentimita 120, upana ni mita 1.8. Zikiwa na sentimita 135, unabaki na mita 1.3, yaani watu wawili wenye mifuko ya kulalia tayari wanagusa kitambaa chenye umande. Mtu mzima aliyeketi chini kwa kawaida anahitaji kama sentimita 90 kutoka ardhini hadi utosini. Kwa kulala na kuketi, basi, sentimita 110 hadi 120 zinatosha kwa turubai la ukubwa huo, na kila sentimita unayoongeza juu ya hapo unailipa mara tatu: kwa uzito, kwa nguvu na kwa nafasi ya sakafu.

Sasa ndipo tunaweza kuuliza alumini au kaboni. Bomba la kaboni la vipimo vilevile lina karibu asilimia 60 ya uzito wa alumini, na likitengenezwa vizuri huwa gumu zaidi kupinda. Kwa nguzo yetu ya sentimita 120 unaokoa gramu 60 hivi, sawa na yai moja kubwa. Kwa mtu anayetembea siku nyingi akiwa amebeba kila kitu mgongoni, gramu hizo zina maana, nami sitamlaumu akizilipia. Lakini mtu huyohuyo akiacha nguzo za mita 2 za kipenyo cha milimita 19 na kuchukua za sentimita 120 za kipenyo cha milimita 16, anaokoa kama gramu 150 kwa kila nguzo bila kulipa shilingi ya ziada, na nguzo zake zinakuwa imara kuliko za mwanzo.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko gramu. Alumini ikizidiwa hupinda, na nguzo iliyopinda bado unaweza kuinyoosha kiasi, ukaifunga kipande cha bomba juu ya jeraha na kulala. Kaboni ikizidiwa hupasuka ghafla, ikiacha nyuzi zenye ncha kali zinazoingia vidoleni na kutoboa kitambaa. Pia haipendi kugongwa ubavuni: jiwe likianguka juu yake au mlango wa gari ukiibana, inaweza kuonekana nzima huku ndani imeshapasuka. Kabla ya safari pitisha ukucha taratibu kuzunguka bomba lote, hasa karibu na viungio, na ukihisi mchirizi au sehemu inayolegea ukiibonyeza, usiitegemee tena.

Kuhusu namba zinazochapishwa kwenye alumini kuonyesha aina yake, mbili huonekana zaidi: 6061 na 7075. Wauzaji husema 7075 ni bora, na ni kweli kwamba huhimili mkazo mkubwa zaidi kabla ya kupinda na kubaki imepinda: kwa hali ya kawaida ya T6, yaani alumini iliyokomazwa kwa joto, takriban megapaskali 503 dhidi ya 276. Lakini ugumu wao dhidi ya kujipinda katikati ni karibu sawa. Kwa fito za hema la kuba, zinazoishi zikiwa zimekunjwa, lipia 7075. Kwa nguzo iliyonyooka, kipenyo kikubwa cha 6061 ni bora kuliko kipenyo kidogo cha 7075. Fito za faiba (nyuzi za kioo), zile za kijivu au nyeusi zinazokuja na mahema ya bei ya chini, ni nzito kuliko kaboni, hupasuka kwa urefu kuanzia kwenye kiungio, na sizishauri kwa kusimama wima hata kidogo.

Mkienda kutafuta kwenye mitumba, iwe Kiboriloni au Memorial pale Moshi, au kwenye masoko yetu ya Arusha, msiangalie katikati ya bomba, angalieni miisho. Chomoeni kila kipande. Tazameni mdomo wa bomba pale kiungio kinapoingia: ukiwa umetanuka kama tarumbeta, au kuna ufa mwembamba kama unywele ukipanda kutoka ukingoni, nguzo hiyo imeshachoka hata kama inang'aa. Utando mweupe wa unga ndani ya bomba ni dalili kwamba ilihifadhiwa ikiwa na maji na alumini imeanza kuliwa. Kamba ya mpira iliyolegea ndani isiwakatishe tamaa, maana hubadilishwa kwa kazi ya dakika chache. Kiungio kizuri huingia angalau sentimita 5 kila upande bila kuchezacheza.

Kuna jaribio moja ninalowafanyia wateja na kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Weka viti viwili vikiwa na nafasi ya sentimita 110 kati yake, laza nguzo juu yake, kisha ning'iniza katikati dumu la lita 5 lililojaa maji. Nguzo ya milimita 16 niliyoitaja hushuka kama sentimita 1.5, pengine 2 ikiwa ina viungio. Ufito wa milimita 9 hushuka sentimita 14 hivi, na wengine huogopa kuuachia dumu. Ugumu unaopima hapo ndio uleule unaoizuia nguzo isijipinde ikiwa wima, kwa hiyo nguzo inayoshuka zaidi ya sentimita 3 sitaisimamisha chini ya turubai la mita 3 kwa 3.

Karibuni tujadiliane. Mwenye swali la mahali mahususi alitaje, kwa sababu ardhi na upepo wa Momella si wa Ziwa Natron.


MCHANGIAJI WA KWANZA (Moshi)

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa somo lililotulia. Mimi ni kiongozi wa wapanda mlima na ningependa kuongeza jambo ambalo hukulitaja, nalo ni fimbo za kutembelea. Watu wengi wanaokwenda porini tayari wanazibeba, kwa hiyo nguzo ya turubai inakuwa haina uzito wa ziada kabisa. Fimbo nyingi hurefushwa kutoka kama sentimita 100 hadi 135, na hapo ndani umo urefu uleule unaoupendekeza. Kwa nini tusiwaambie watu waachane na nguzo na kutumia fimbo hizo?

Pamoja na hayo, nina tahadhari moja inayotokana na mlima wenyewe. Pale kambi ya Barafu ya Kilimanjaro, kwenye mita 4,673, watu huondoka kuelekea kilele cha Uhuru karibu na saa sita ya usiku, na fimbo zinaondoka nao. Kama turubai la kupikia limesimamishwa kwa fimbo za wageni, wapishi na wapagazi wanaobaki kambini watakuwa bila paa wala kinga ya upepo mpaka asubuhi. Kwa kambi za aina hiyo naona nguzo za turubai ziwe za turubai, na zihesabiwe kwenye zile kilo 20 za mzigo wa mpagazi tangu zinapopimwa getini, si kuongezwa baadaye mkononi mwake.


MLETA UZI

Kaka, umesema jambo zito na ninakubaliana nawe pande zote mbili. Kwa mtu anayetembea mwenyewe na kurudi kulala palepale fimbo zilipo, fimbo ndizo chaguo langu la kwanza. Vipande vyake kwa kawaida huwa vya milimita 18, 16 na 14, kwa hiyo unene unatosha. Mahali dhaifu ni kufuli. Kufuli ya kubana kwa kidole, ile yenye mkono mdogo unaofungwa ubavuni, huonekana wazi ikilegea na hukazwa kwa skrubu moja. Ile ya kuzungusha hutegemea mpira au plastiki iliyo ndani ya bomba, na ikiingiwa na vumbi, maji au baridi kali huteleza taratibu usiku, turubai likalegea bila mtu kujua sababu. Kabla ya kulala, shika fimbo kwa mikono miwili na uiegemee kwa uzito wa mwili. Ikishuka hata kidogo, kaza upya au fupisha ukitumia kipande kinene zaidi.

Tena, ni vizuri zaidi kuigeuza kichwa chini: mshikio ukae ardhini na ncha iingie kwenye pete ya turubai. Mshikio ni mpana na hauzami, na ncha haitoki kwenye pete kirahisi. Kama turubai halina pete bali vitanzi vya utepe, funga kamba kwenye ncha kwa fundo la kuzungusha mara mbili, kisha uipeleke kwenye kigingi, ili nguzo, kitambaa na kamba vikutane mahali pamoja. Ukiweka pete ya chuma juu ya ncha kali na kitambaa chepesi pasipo kamba hiyo, upepo ukiinua turubai mara moja tu pete inatoka na nguzo inaanguka.

Kuhusu mzigo wa wapagazi, niseme wazi kwamba hiyo ni sababu mojawapo ninajali gramu hizi. Zinaishia shingoni na mgongoni mwa mtu.


MCHANGIAJI WA PILI (Usa River)

Salaam. Naomba kuuliza bila kuficha hali: mimi ni mwanafunzi na nguzo za dukani sina uwezo nazo. Mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme ni mepesi, yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na yanakatwa kwa msumeno wa kawaida. Je, hayawezi kufaa kwa turubai la watu wawili pale Ziwa Duluti?


MLETA UZI

Mdogo wangu, swali lako ni zuri na wengi wanalo. Bomba la plastiki la milimita 20 lenye ukuta wa milimita 1.5 na urefu wa sentimita 120 lina uzito wa karibu gramu 145, yaani sawa kabisa na ile alumini ya milimita 16. Lakini plastiki ni laini, na bomba hilo hujipinda kwa mzigo wa kama kilo 8 tu, na likipata jua la mchana hulainika zaidi. Umebeba uzito uleule kwa sehemu moja katika nane ya nguvu. Liache.

Badala yake tafuta mpini wa mbao wa fagio au wa dekio, ulionyooka, uliokauka vizuri na usio na fundo la mti katikati. Mpini wa milimita 22 wa mbao laini, ukikatwa kwa sentimita 120, una gramu 200 na ushee, na uwezo wake wa kusimama unakaribiana sana na wa alumini tuliyoizungumzia. Gonga msumari mwembamba kichwani, ukate kichwa cha msumari na ukilainishe kwa tupa, ubaki sentimita 2 za kuingia kwenye pete. Kwanza toboa tundu dogo ili mbao isipasuke, na zungushia uzi wa nailoni sentimita 3 za juu. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haukunjiki, lakini kwa safari ya kupanda daladala hadi Tengeru na kutembea kidogo hadi ziwani, ufunge ubavuni mwa begi na hautakusumbua.

Mwanzi mkavu nao unafaa kwa sababu hiyohiyo ya unene: ni mwepesi, una uwazi ndani, na kipenyo chake ni kikubwa. Ununue sokoni ukiwa mkavu. Usihesabu kwamba utakata mti ukifika, maana ndani ya hifadhi za taifa kukata miti hakuruhusiwi, na hata nje ya hifadhi shamba lina mwenyewe.


MCHANGIAJI WA TATU (Moshi)

Habari za kazi, mwanangu. Sisi ni familia, tunakwenda Ziwa Chala kwa gari pamoja na wajukuu, na hatulali chini ya turubai. Tunataka kivuli cha kusimama na kupikia. Hizo sentimita 120 zako hazitufai. Tununue nini?


MLETA UZI

Shikamoo mama. Kwa matumizi yenu urefu unaofaa ni mita 2 hadi 2.2, na kwa kuwa gari ndilo linalobeba, msihangaike na wepesi wa kupindukia. Kwa urefu huo msichukue bomba la milimita 16, kwa sababu nguvu yake inashuka hadi kama kilo 23 kwa mita 2, na ukitegemea theluthi moja tu ya hiyo, kama nilivyoshauri mwanzoni, unabaki na kilo 7 au 8. Bomba la alumini la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1, kwa urefu wa mita 2.2, lina chini ya nusu kilo na linahimili karibu kilo 79 kabla ya kujipinda. Mafundi wa madirisha ya alumini wanaweza kuwakatia katika vipande viwili na kuweka kiungio cha ndani cha sentimita 20. Nendeni na sumaku ndogo: ikinata, bomba hilo ni la chuma, nalo likiwa na vipimo hivyohivyo lina uzito karibu mara tatu ya alumini.

Kivuli cha juu hushika upepo kutoka chini kama tanga, mama, na hatari yake ni kupaa kabla ya kuanguka. Kila nguzo ya pembeni iwe na kamba mbili zinazoachana kwa pembe, na kila kamba ifike ardhini mbali na nguzo kwa umbali unaokaribia urefu wa nguzo yenyewe. Ikifungwa karibu sana na mguu wa nguzo, mvutano wake wote huelekea chini na kuigandamiza nguzo bila kuizuia isiyumbe. Wajukuu wakiwa wanacheza, fungeni vitambaa vyeupe kwenye kamba. Upepo ukizidi, shusheni upande unaoukabili hadi kiunoni.


MCHANGIAJI WA NNE (Mto wa Mbu)

Naomba utufafanulie kuhusu Natron, kama ulivyogusia. Tulisimamisha turubai upande wa chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, nguzo zikawa zinazama usiku kucha, na kila baada ya muda tunaamka kukaza kamba. Nguzo zenyewe zilikuwa nzuri, za alumini. Baada ya miezi michache viungio vikakataa kutoka.


MLETA UZI

Pole sana kaka. Yote mawili yana sababu ya mahali. Udongo wa pale ni majivu ya volkano na mchanga mlegevu, na mguu wa bomba la milimita 16 ni mdogo mno. Mzigo wa kilo chache tu unausukuma chini. Weka jiwe bapa au kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja chini ya kila nguzo. Vigingi navyo havishiki kwenye majivu, kwa hiyo funga kamba kwenye jiwe kubwa, au jaza mfuko mchanga, ufunge kamba katikati yake, uufukie kwa kina cha kiwiko na ukanyage juu.

Jambo la viungio linatokana na magadi. Alumini ina ngozi nyembamba inayoilinda, lakini magadi huila ngozi hiyo, na majivu ya Lengai yenyewe yana magadi mengi, achilia mbali maji ya ziwa. Unga huo ukiingia kwenye kiungio na kukutana na umande, bomba na kiungio hung'ang'aniana. Mkirudi kutoka Natron chomoeni vipande vyote, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi ndani na nje, mkaushe kivulini huku vikiwa vimeachanishwa, ndipo mvihifadhi. Kwa vile vilivyokwisha kung'ang'ania, loweka kiungio kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda, kisha wawili mshike kila mmoja upande wake, karibu na kiungio, mkizungusha taratibu bila kuvuta kwa nguvu. Msitumie koleo, kwa sababu meno yake huponda ukuta wa milimita 1 na hapo ndipo nguzo itajipinda safari ijayo. Kaboni hailiwi na magadi, na kwa anayekwenda Natron mara nyingi, hiyo ni sababu ya kweli ya kuilipia.


MCHANGIAJI WA KWANZA (Moshi)

Nimalizie kwa swali la radi. Wakati wa vuli miinuko ya Monduli na ya Longido hupata radi kali alasiri. Je, kaboni ni salama kuliko alumini?


MLETA UZI

Hapana kaka, na ni muhimu watu wajue. Kaboni nayo hupitisha umeme, na hata nguzo ya mbao iliyolowa haikupi kinga. Turubai si kimbilio la radi. Ukisikia ngurumo mkiwa kwenye mgongo wa mlima ulio wazi, liacheni turubai lilivyo, ondokeni kwenye mwinuko na miti iliyosimama peke yake, na kama gari lipo karibu ingieni ndani na kufunga milango na vioo. Nguzo mtazirudia ngurumo ya mwisho ikishapita kwa nusu saa.

Kwa kuwa umetaja miinuko, nigusie pia upande wa kuelekeza turubai. Kwenye miteremko yetu hewa hupanda mlima mchana na kushuka usiku baada ya ardhi kupoa, kwa hiyo upande unaopigwa na upepo saa kumi jioni ndio unaoweza kuwa salama usiku, na ule mliouona umetulia ndio utakaopigwa. Kwa kambi ya usiku, ukingo wa chini uelekee juu ya mlima, na nguzo ya upande huo iwe fupi kwa sentimita 20 hadi 30 kuliko ya upande wa bondeni. Hapo ndipo fimbo zinazorefushwa zinapozishinda nguzo za urefu mmoja, na kama zako ni za vipande, agiza kimoja kifupi cha ziada cha sentimita 25 uwe unakiongeza au kukitoa kulingana na mahali.